Mbegu za Bibi na Jiko Lisilo na Moshi

Krrr, krrr, krrr. Hadi leo nikitulia nausikia. Mlio mdogo mno, kama mtu anayekwangua sufuria kwa ukucha huku anaogopa kusikika. Ulitoka juu ya kichwa changu, mchana, jikoni kwa bibi yangu Igamba, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage. Nje kulikuwa kimya, kile kimya cha mwisho wa kiangazi ambapo upepo umechoka na mvua hazijaja. Nikainua uso. Kitu kikanidondokea kwenye kope.

Nikapangusa, nikaangalia kidole. Unga. Unga mweupe, laini kabisa, na hapakuwa na mtu anayesaga.

Ili unielewe kwa nini unga ule ulinishtua, ngoja nieleze kwanza kazi niliyokuwa nafanya.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama alishauri tuyakunje tuyaweke chini ya godoro. Sikuumia sana, mimi ni mtu wa kuota, na ndoto hazidai cheti. Nikapata kazi Tunduma, kwenye shirika linalotetea mazingira. Wakati huo mkoa wetu wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, tulikuwa tunahesabika Mbeya. Shirika lilikuwa la mkoa mzima, lakini tawi letu la mpakani lilikuwa vyumba viwili nyuma ya yadi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Asubuhi madereva walituchungulia dirishani, wanatusalimu kwa Kibemba, "Mulishani!", wakiomba maji ya moto ya chai, na sisi watu wa kuhifadhi nishati tunawapa. Kazi yangu iliitwa uhamasishaji. Maana yake nilipika chai, niliandika mabango kwa rangi, nilibeba kipaza sauti, na tukifika vijijini niliyageuza maneno ya mratibu wetu yawe Kinyiha.

Mratibu alikuwa mama mmoja mwembamba, mzaliwa wa Ileje, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Wote tulimwita Dada. Alikuwa na neno lake: msimamo. Shirika lina msimamo kuhusu nishati, alisema, na kila anayekunywa chai ya ofisi hii aujue kama njia ya kwao. Nikaujua. Mkaa usipigwe marufuku wakati watu hawana kingine cha kupikia, kwa sababu marufuku inamkamata mwenye baiskeli anayepandisha gunia kutoka Momba, halafu inampungia mkono mwenye lori. Nguzo za umeme zisipite vijijini kama wageni wasiotaka kusalimia, zisimame kwenye zahanati na kwenye mashine ya kusaga. Lakini kubwa kuliko yote, halmashauri itenge fungu la majiko banifu, yanayokula kuni chache na kutoa moshi nje kwa bomba.

"Fungu, siyo semina," Dada alikuwa akigonga meza. "Semina tumeshakula wali wake."

Hilo la majiko ndilo lililonikaa moyoni, na sababu ni bibi. Nilikulia kwake, huyu mama mzaa mama. Nikiwa mdogo kabisa nilidhani bibi analia kila jioni akipika. Nilikuwa naenda kusimama karibu yake namwimbia ili anyamaze, naye anacheka huku machozi yanatiririka, mimi nachanganyikiwa zaidi. Kumbe ni moshi. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nimjue, na ukingo wa kanga yake ulikuwa na mahali pamoja palipofifia kwa kupangusa.

Basi siku moja Dada akasema madiwani hawali karatasi, tupate jiko la kuwaonyesha kabla hawajakaa kupanga bajeti. Nikanyoosha mkono hata hajamaliza. Nikasema, kwa bibi yangu.

Tulifika Igamba wakati wa baridi, mahindi yakiwa yameshavunwa. Nilikuwa na Dada na fundi wa udongo, kijana wa Vwawa asiyeweza kufanya kazi bila kupiga mluzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Hao uliokuja nao ni mashahidi wa ndoa au wa talaka?"

"Wamekuja kukujengea jiko."

"Eh! Na lile nililopikia mama yako mpaka akaolewa lina kosa gani?"

Hata hivyo alikubali. Fundi alijenga kwa matofali na udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, akapandisha bomba ukutani mpaka nje ya bati. Yale mafiga matatu ya zamani bibi hakutaka yatupwe, akayapanga nyuma ya mlango, "yasije yakadhani nimeyakana." Siku ya kwanza alisonga ugali mzima bila tone la chozi. Akageuka, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani.

"Kumbe jikoni kwangu kuna ukuta," akasema.

Tulicheka mpaka fundi akapaliwa na mluzi wake mwenyewe. Nilirudi Tunduma nikiwa najiona nimeshika kona moja ya dunia na kuinyoosha.

Sasa, juu ya pale pa kupikia, kwenye kichanja, bibi alikuwa na mahindi yake ya mbegu. Kwa watu wengi wa kwetu ndivyo ilivyo. Ukivuna unachagua mahindi yaliyojaa vizuri, unayaacha na maganda yake, unayafunga mawilimawili, unayatundika juu ya moto hadi msimu wa kupanda. Ya bibi yalikuwa meupe, ya kienyeji, mbegu aliyopewa na mama yake siku anaolewa, na kila mwaka alirudisha mengine pale juu. Watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuyanyooshea kidole. Majirani walikuja na maharage, wakaondoka na mahindi mawili matatu. Yalikuwa meusi, yanang'aa kwa masizi, utadhani yamepakwa mafuta.

Siku ile ya mlio nilikuwa nimetangulia kusafisha, maana madiwani walikuwa wanakuja Alhamisi. Bibi alikuwa ameenda kusali jumuiya. Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Mahindi ya mwaka ule hayakuwa meusi. Yalikuwa na rangi ya vumbi, na maganda yana matundu kama yamechomwa sindano. Nikashika moja, likanibaki mkononi jepesi kama gunzi tupu. Dumuzi. Vidudu vyeusi, vidogo kama kichwa cha kiberiti kilichokatwa, vinatembea bila haraka, vimeshakuwa wenyeji.

Bibi aliporudi nilimwambia hata kabla hajaweka kitabu cha nyimbo chini.

"Bibi, dumuzi wameingia kwenye mbegu."

"Hawajawahi."

"Wameingia."

Akapanda mwenyewe, mimi nimeshika ngazi, naona nyayo zake zilizopasuka mbele ya macho yangu. Alivunja hindi moja. Unga ukamjaa kiganjani. Akashuka, akakaa kwenye ukingo wa jiko jipya.

"Mimi nilidhani tunatundika kukwepa panya," akasema. "Mama alitundika, nikatundika. Kumbe moshi ndiye alikuwa mlinzi. Tumemfukuza kazi bila hata kumuuliza alikuwa analinda nini."

Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikakatika.

"Mvua zikija nitapanda nini, mwanangu?"

Mbegu za dukani zilikuwepo, lakini hizo ukizirudishia mwaka wa pili zinakudhihaki shambani. Na hata zingekuwa nzuri namna gani, hazikutoka mkononi kwa mama yake. Nilipanda mpaka juu ya shamba la kahawa, penye mtandao, nikampigia Dada. Nilieleza nikidhani atanikatia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiguse kitu," akasema. "Nakuja na fundi."

Kesho yake walifika na pikipiki moja, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Fundi alichungulia kichanja, akashuka, akasema jambo ambalo hata mimi lilikuwa limeshanipitia kichwani.

"Tuyahamishie stoo. Wageni wanakuja kuona jiko, hawaji kuona mahindi."

Dada alikuwa bado anatazama juu. "Tukiyahamisha, Alhamisi tutapigiwa makofi," akasema. "Halafu fungu litatoka, tutajenga kijiji kizima, na mwakani kijiji kizima kitakuwa kinasikiliza huo mlio."

"Basi tulibomoe jiko turudishe mafiga?"

"Bibi wa watu arudi kulia?"

Wakaanza kubishana, huyu ana bajeti, huyu ana bomba, mpaka bibi akagonga mwiko kwenye chungu.

"Nyie, msinigombanie kama marehemu. Mimi nipo. Nataka macho yangu, na nataka mbegu zangu. Mjukuu wangu ananiambia kwenu kila mtu ana msimamo. Haya, huo ndio wangu."

Dada akaangalia chini, halafu akatabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nawaza kama ninavyowaza siku zote, kipuuzipuuzi. Nikasema, "Kama moshi ni mlinzi, si tumpe chumba chake cha juu? Akae na mahindi, sisi tukae huku chini."

Nilikuwa natania nusu. Lakini mluzi wa fundi ulinyamaza. Akaenda kupima kwa mkono wake kutoka kwenye bomba mpaka kwenye kichanja, akarudi, akapima tena.

Kazi ilikwenda siku hiyo nzima. Bomba lililokuwa linatoka nje ya bati lilikatwa likaishia kichanjani, mdomoni likafunikwa kipande cha bati chenye matundu ili cheche zisipande. Kichanja tukakifunga chini kwa mianzi na udongo, ikawa dari, tukaacha kimlango cha kupitia ngazi. Moshi ungejaa humo kwanza, ukapita kwenye mahindi, ndipo utokee kwenye tundu la pembe ya nyumba. Bibi na mimi tulikaa uani kwenye mkeka tunachambua mahindi juani. Anayagonga moja moja kwa kidole na kuyasikia uzito, mabovu anawarushia kuku. Kuku walikula vizuri siku ile kuliko sisi. Yaliyobaki yalijaa kikapu kimoja, kile cha kuchumia kahawa, tena hakikufika ukingoni.

"Yanatosha?" nikauliza.

"Yatatosha yakiota."

Tulipowasha moto wa kwanza, moshi ulishuka kwa kila ufa. Tukatoka mbio wote wanne tunakohoa, Dada amepoteza kiatu kimoja, bibi anacheka ameshika mbavu: "Amerudi kazini na hasira!" Tukaziba nyufa. Tukawasha tena. Safari hii moshi ukapanda, ukakaa huko juu, na baada ya muda ukaonekana unatoka kwenye pembe ya nyumba, mwembamba, taratibu.

Alhamisi madiwani walikuja, viatu vimeng'arishwa. Mmoja alikuwa mfugaji kutoka Momba, huko bondeni, mzee mnene mwenye utani.

"Bibi, hili si jiko la kizungu?"

"Udongo ni wa mtoni hapo chini, baba. Labda moto ndio wa kizungu."

Wakacheka. Mimi nikasubiri Dada aanze hotuba yake ya kuni na misitu. Hakuanza nayo. Alimwomba bibi alete hindi moja bovu walilokuwa wamelibakiza, akaliweka mkononi mwa mwenyekiti wa msafara, unga ukamwagika kwenye suti, na akaeleza kila kitu, hata mdomo wa bomba tulivyoukata jana yake. Nikaona fungu linaondoka na upepo. Mfugaji wa Momba ndiye aliyezungumza kwanza.

"Na kwetu moshi unawafukuzia ndama mbu," akasema. "Mkishuka na bomba lenu, muulize kwanza. Mkiuliza, mimi nitawaunga mkono."

Dada aliiandika hoja hiyo palepale, karatasi ameilaza juu ya boneti ya gari la halmashauri. Ikaingia kwenye msimamo wetu, na mimi nikaiandika kwenye bango kwa rangi ya kijani: kabla ya kuutoa moshi, iulizwe ulikuwa unafanya kazi gani kwenye nyumba ile. Nimeandika mabango mengi, hilo ndilo pekee nililoandika nikiwa najua kila neno limetoka wapi. Bajeti ilipopita, fungu lilikuwepo. Dogo, la kuchekesha, la majiko ya kata chache tu. Dada alinunua soda za ofisi nzima na za madereva watatu waliokuja kuomba maji ya moto.

Mvua zilikuja. Shamba la bibi liliota na mapengo, mstari huku umejaa, huku kuna nafasi kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Bibi alitembea katikati yake kila asubuhi, macho meupe, si mekundu tena, akihesabu mahindi ya mbegu ya majirani: hili la fulani, hili la fulani. Hakujibakizia mengi. Lakini alijibakizia ya kutundika.

Mwisho wa kiangazi kilichofuata nilienda likizo. Bibi alikuwa nje anageuza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia. Moto ulikuwa haujawashwa. Nikaegemeza ngazi, nikafungua kimlango, nikaingiza kichwa kwenye giza lenye harufu ya moshi wa jana. Mahindi yalikuwa meusi, yananata kidogo. Nililivuta moja taratibu bila kulifungua, nikaliweka sikioni kama simu, nikabana pumzi. Kimya. Nikaliachia, nikavuta la pili.