Siku Nilipoikalia Redio Mbele ya Wageni

Wenzangu, nimeaibika mara nyingi katika umri huu (mvi zote hizi hazikuja hivi hivi), lakini aibu ya kuikalia redio inayosema kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya mavyaa wangu na mbele ya mwanamke niliyetaka anichukulie biashara yangu, hiyo sijamsikia mwingine aliyeipata. Nikiikumbuka hata leo, niko peke yangu jikoni, hujifunika leso usoni nikacheka mpaka wajukuu wakaja kuulizana bibi ana nini.

Ilikuwa miaka ya themanini, nyumbani kwetu Shella ya Malindi. Mume wangu, Abdalla bin Famau, alikuwa Jeddah akiendesha lori. Simu hatukuwa nazo, na barua kuandika kwangu ilikuwa adhabu (shule niliishia darasa la tatu, na mwalimu wetu, Bwana Kahindi, alisema hati yangu ni kuku aliyekanyaga wino), kwa hivyo sisi wenye waume Arabuni tulikuwa tukipelekeana kaseti. Unakaa mbele ya redio, unabonyeza, unatoa yote ya moyoni na salamu za mtaa mzima, mtoto naye umfinye kidogo alie babake amsikie, kisha unampa msafiri. Binti yangu Rukia alikuwa mdogo babake alipoondoka, basi ukimuuliza baba yuko wapi, alinyoosha kidole kwenye redio. Wageni walicheka. Mimi sikucheka.

Nilitaka Abdalla arudi. Lakini arudi ale nini? Na mavyaa wangu, Bi. Zuhura binti Mbwana, mamake Abdalla, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa akisema kila siku, "Mwanamume yuko kazini, usimsumbue moyo." Nikaona dawa ni moja, mimi mwenyewe niwe na kazi yangu, kisha nimwambie mume rudi.

Na kazi niliipata kwenye redio ile ile. Maana redio za pwani hazidumu, hewa ya chumvi inakula chuma cha ndani, mchanga unaingia kwenye vitufe, mtoto anatia kidole anang'oa mlango wa kaseti, na kabla hujaizoea imeshakuwa sanduku la kuwekea sindano. Kila nyumba Shella ilikuwa na maiti ya redio juu ya kabati. Nami ni mshonaji. Nikasema, watu tunavaa, viti vinavaa, kwa nini redio isivae?

Nikashona kifuniko. Nje atilasi ya buluu, ndani nailoni, katikati nimejaza sufi, penye spika nimetia kimia ili sauti ipite, na juu ya kila kitufe nimedarizi alama yake, ua jekundu ni kuwasha kaseti, jani la kijani ni kusimamisha, unabonyeza juu kwa juu bila kugusa redio. Nikakiita Stara. Stara ya Redio! (Nilikuwa najiona mimi ndiye mimi.)

Aliyekuwa na uwezo wa kunifungulia njia alikuwa Bi. Kulsum, mke wa mwenye duka la redio kule mjini. Duka la mumewe, lakini kinachoingia na kisichoingia ni neno lake. Akiikubali Stara, kila anayenunua redio atanunua na Stara, nami nitashona mpaka cherehani iombe radhi. Nikamwalika kwenye uzinduzi. Neno hilo nililisikia redioni, wakubwa wanazindua hiki na kile, nikaona na mimi kuzindua kwangu si kuiba. Nikatandika mikeka uani, nikapika mkate wa sinia, nikaita na majirani wapate kushangaa kwa sauti.

Sasa sikilizeni nilivyojichongea. Siku ile baada ya adhuhuri nilikuwa namalizia Stara, redio imeshaivaa, na huku nasikiliza kaseti niliyomrekodia Abdalla asubuhi hiyo, kaseti ya kumwambia mambo yamekaa sawa, rudi. Nassor wa Bi. Rehema, jirani yetu, alikuwa anasafiri kwenda Jeddah wiki ile, nimpe. Niliipenda mno kaseti ile, jamani, niliporudia pale patamu nikatabasamu peke yangu. Nikairudisha mwanzo nisikie tena, mara nasikia hodi mlangoni, na nikitazama nyuma ya Stara, vifungo vya kubana nilivyoifungia vimeachia, pamekaa wazi kama mdomo wa samaki chewa. Nikasema Bi. Kulsum asilione pengo hili, ngoja nipige mishono michache. Uzi wa kawaida sikuuamini, nikachukua mshipi wa kuvulia, ule unaomzuia nguru baharini, nikashona pengo lote, nikakaza, nikafunga fundo. Kaseti ya taarabu niliyotaka kuwapigia wageni ikabaki kitandani. Ile yangu ikabaki tumboni mwa redio.

Wageni wakaketi. Bi. Kulsum alikuja kajipamba, bangili mpaka kwenye kiwiko, nami nikampokea, "Bi. Kulsum, masha'Allah, bangili hizo zimekutoa kama bi harusi!" Akafurahi. Shoga yangu Mwanajuma wa Kombo alileta sinia la kaimati. Mama Mutua, jirani yetu Mkamba aliyekuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja Watamu, alikaa karibu na mkate na kisu mkononi. Mavyaa wangu alikaa kwenye kiti, mguu mmoja juu ya kigoda.

Nikasimama nikaizindua. Nikasema Stara haiingii chumvi, haiingii mchanga, haiingii kidole cha mtoto wala cha mwizi. "Jaribuni kuifungua!" Wakaivuta huku na huku, mshipi haukusogea. Bi. Kulsum akatikisa kichwa, "Kazi imara hii." Moyo wangu ukaruka mpaka Jeddah ukarudi.

"Na sauti je?" akauliza.

"Sikiliza mwenyewe," nikabonyeza ua jekundu.

Ikatoka sauti, nzito, safi kabisa (kimia kilifanya kazi yake, hilo nalisema mpaka leo), "Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh!" Nao wote wakaitikia kwa adabu, "Waalaikumu salaam." Mama Mutua akasema, "Hii sauti ni kama ya Mama Rukia."

Hapo nikakumbuka ile ya taarabu iko kitandani.

"Baba Rukia, mamako hajambo, anakula kunishinda mimi. Goti linamuuma, lakini linamuuma siku ya kupika tu, siku ya harusi halimuumi, juzi kwa Bi. Rehema amecheza chakacha mpaka akadondosha leso."

Bi. Zuhura akautoa mguu juu ya kigoda, polepole.

Nikabonyeza jani la kijani. Wapi! Katika kule kuvutwa na wageni sufi ilikuwa imejikusanya, ua halikusogea, lakini jani la kijani limekwenda kukaa mahali redio haina kitufe. Nikabonyeza kushoto, nikabonyeza kulia, nabonyeza sufi. Kupunguza sauti siwezi, kitufe kiko ndani. Waya wa kuchomoa hakuna, inakwenda kwa betri, na betri nazo ziko ndani, mpya, nimetia mwenyewe kwa ajili ya sherehe.

"Mwanajuma ameahidi kuleta kaimati. Zile zake, unazijua. Nimemwambia alete kidogo, nisije nikaletewa meno ya wageni mkononi."

Watu wote walikuwa wanatafuna. Wote wakaacha. Mwanajuma akanitazama, "Ala! Mwanaisha! Kaimati zangu?"

"Si mimi shoga, ni redio!" (Ndivyo nilivyosema. Kichwa kilikuwa hakimo.)

Mama Mutua akanyanyuka na kisu. "Sasa hii kitu inazimwa wapi? Wacha niikate!"

"Usikate!" nikamshika mkono. Kwa sababu nilimwona Bi. Kulsum ananitazama, na nilijua kisu kikipita tu pale, Stara imekufa, na Abdalla atazeekea Arabuni. "Haikatwi, Mama Mutua! Ubora wake ndio huo, haikatwi!"

"Lakini inakuchoma, Mama Rukia!"

Nayo haikungoja. "Leo anakuja Kulsum, mke wa mwenye duka. Redio zao hazimalizi msimu wa kaskazi, lakini mimi nitamsifu tu. Nitaanzia kwenye bangili, akivaa bangili hasikii la mtu."

Lo! Kila mtu pale uani akatazama bangili. Bi. Kulsum mwenyewe akazitazama. Nikaibeba redio kifuani kama mtoto mwenye mchango wa tumbo, nikakimbia nayo kuelekea chumbani, mlango umefungwa, nikakumbuka nimefunga mimi ili watu wasione nguo zilizotupwa, nikageuka kuelekea jikoni, nikajikwaa kwenye mkeka, nikapiga magoti mbele ya mavyaa wangu kama ninayeomba radhi (na kuomba kwenyewe nilitakiwa), na hapo ndipo ikafika pale patamu.

"Abdalla wangu, nikuambie siri. Ule mto wako nimeuvisha kanzu yako. Nauambia lala salama, na asubuhi nauambia..."

Sikuiacha iseme. Sikuwa na mto, sikuwa na shimo, nilikuwa na makalio, alhamdulillahi Mungu hakuninyima. Nikaikalia. Kwa uzito wote. Ikawa sasa sauti inatoka chini yangu, "...nauambia, amka bwana wangu, chai tayari..." na Mama Mutua anapiga kelele, "Inaongea na hapo!", nami nikajiinua nikajibwaga tena, nikajiinua nikajibwaga, mpaka kikalia kitu ndani, kra! Kimya.

Nikabaki nimekaa juu yake. Niliogopa kuondoka isije ikaendelea.

Aliyeanza kucheka ni Bi. Kulsum. Alicheka bangili zikilia zote, akajifuta machozi kwa mtandio. "Mwanaisha, mwanangu, kifuniko kizuri, nimekisifu na sasa nakisifu tena. Lakini mwenyewe umeshindwa kukifungua. Nikikiuza, mteja atanijia dukani kila jioni nimzimie redio! Siwezi kukichukua." Kisha, akivaa viatu, "Na redio zetu zinamaliza kaskazi. Kusi ndiyo haziimalizi."

Hapo uani pakapasuka. Mwanajuma alicheka akasahau kununa, akaanza kutupa kaimati ukutani asikie zinavyolia. Mimi nililia. Kicheko na kilio vilikuwa kitu kimoja, lakini changu kilikuwa kilio, maana nilijua kilichoondoka na bangili zile.

Bi. Zuhura akainuka kwenye kiti, akaja akanisimamia. Nikasema sasa nitafukuzwa. Akaniuliza polepole, "Mto unauvisha kanzu?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema, si kwangu, alisema hewani tu, "Abdalla mwanangu, na mimi shati lako la shule liko sandukuni, hulitoa nikalinusa. Wallahi ungekuwa wanisikia ningekwambia rudi. Rudi baba, tutakula tutakachopata. Hii nyumba ina wanawake wawili wenye wazimu."

Sikuwa nimepata kumsikia akisema hivyo. Tukashikana pale chini, mimi bado juu ya redio.

Wageni walipotoka, Mama Mutua akakata mshipi (alitumia kisu, akatumia meno, mwisho akatumia jiwe la kusagia). Vitufe vyote vilikuwa vimelala kama ng'ombe. Kaseti sikutaka hata kuiona, ilikuwa ya kumwambia mume mambo yamekaa sawa, na hayakukaa. Bi. Zuhura akaitia mfukoni, akaenda mwenyewe kumpa Nassor. Sikuuliza.

Miezi ikapita, msimu ukabadilika, na asubuhi moja nikiwa nafagia mlangoni nikaona viatu vya mwanamume vimesimama mbele ya ufagio. Nikainua macho. Abdalla, na sanduku, amekonda, anacheka.

Alinieleza akiwa amekaa uani pale pale. Nilipoikalia redio, makalio yangu yalibonyeza na kitufe chekundu cha kurekodi. Kimya kile tulichodhani imezima, kumbe ilikuwa inatusikiliza! Yeye aliisikiliza kaseti ile katika chumba walichokaa wanaume wa Lamu na wa Mombasa, wakanisikia nikifika kwenye chai tayari, kisha kra, kisha Bi. Kulsum, kisha kaimati ukutani, na wanaume wakagaragara kwa kucheka. Halafu ikaja sauti ya mamake. "Miaka yote nilikuwa namsubiri mama aniite," Abdalla akaniambia. "Nilidhani hataki nirudi."

Alipata kazi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, kuendesha trekta. Hatukuwa matajiri, lakini tulikuwa watatu kwenye sinia, na mavyaa wa nne.

Juzi mjukuu wangu Swaleh amenunua simu mpya, anaionyesha kwa fahari. Nikamwuliza betri inatokea wapi. Akasema, "Bibi, hizi hazifunguki, zimegandishwa, ndio usasa." Nikacheka mpaka nikakohoa. Nimemwambia akae nayo mbali na mazungumzo yangu. Mimi nimeapa, chombo chochote nisichoweza kukinyamazisha kwa mkono wangu hakiingii chumbani mwangu, na kikiingia, basi ajue bibi yake bado ana uzito wake.