F Niliyopata kwa Kuhudhuria Sana

Mimi ndiye mtu pekee ninayemjua aliyefeli kwa kuhudhuria darasa ambalo hakuwa akienda. Usicheke kwanza, ngoja nikuambie.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wetu wa mwisho chuoni. Rafiki yangu wa mtaa wa Sarang'ombe alinishawishi tuchukue somo la takwimu, la ziada tu, halikuwa la lazima. Wiki mbili zikanitosha. Mwalimu aliandika ubaoni bila kugeuka, nami nikanakili bila kuelewa. Nikajaza fomu ya kuacha somo, ikapigwa muhuri, nikarudi zangu Kawangware kulala hadi saa nne asubuhi. Mama nilimwambia mwalimu ameenda ushago, kijijini kwao. Mungu anisamehe.

Kwenye rekodi nilitarajia W, herufi ya mtu aliyejitoa mapema, ambayo haimdhuru mtu. Nikapata F. Na chuoni kwetu mwenye F haendi mahafali mpaka arudie somo. Mama naye alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa kanisani kwamba nahitimu.

Niliingia ofisi ya rekodi nimewaka. Karani, mzee mpole wa miwani, akatoa karatasi za mahudhurio, akazipanga mezani moja moja.

"Ulijitoa wiki ya pili," akasema, "halafu ukahudhuria kila siku hadi mwisho. Hata ile siku ya mgomo wa matatu, barabarani hakuna gari. Darasa zima walikuja wanne, na wewe ndiye wa tatu hapa."

Niliiangalia ile sahihi. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

"Niambie aliyekuwa akikusainia, nibadilishe leo leo. Usiponiambia, basi ulikuwepo ukakwepa mtihani."

Woi! Mwandiko niliujua, wa rafiki yangu. Na nilijua alishashikwa mara moja akimsainia mtu, akaonywa kwamba akirudia atakaa nyumbani mwaka mzima.

Nikashuka Sarang'ombe, nikamkuta akianika nguo nje ya mlango.

"Nani alikutuma?" Hata salamu sikutoa.

"Niaje na wewe? Kutumwa nini?"

"Kunisainia! Si nilikuambia nimeacha?"

"Wewe huacha kila kitu. Mwaka jana uliacha kwaya mara tatu." Akakung'uta sketi. "Nilijua utarudi. Hapa mtu akitoka kidogo kwa laini ya kuchota maji, jirani anamsukumia mtungi wake. Sasa wako ningeuacha nyuma?"

"Ati hata siku ya mgomo?"

"Siku hiyo nilikuja kwa miguu. Nitembee hivyo halafu nisaini moja?"

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikajikuta nimeshika ncha moja ya shuka, tunalikamua pamoja. Nikamweleza maneno ya karani. Akalitundika shuka kambani.

"Nitaenda nimwambie ni mimi."

"Jaribu uone."

Jumatatu nikamwambia karani kwamba nilikuwa darasani mwenyewe, siku zote. Akanitazama juu ya miwani.

"Mlisoma nini wiki ya mwisho?"

"Takwimu," nikasema.

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaiacha F pale pale.

Somo nilikuja kulirudia mwaka uliofuata, nikapata B, lakini F haifutwi. Zinakaa zote mbili kwenye rekodi, na kila ninapoomba kazi mtu huniuliza. Hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni siku ya mahafali ya rafiki yangu. Niliketi na wageni. Jina lake liliposomwa nilipiga vigelegele hadi mama mmoja wa mbele akaziba masikio. Halafu nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia. Nilikuwa nimemkasirikia hadi kifua kinauma, na ni yeye peke yake niliyetaka aje agonge ule mlango.