Msumari wa Shangazi

Stoo ya viti vya magurudumu iko ghorofa ya tatu, vidato arobaini na kimoja kutoka barabarani, na jengo halina lifti. Usicheke. Wenyewe wameshacheka mpaka wamechoka. Mwenye jengo aliwapa chumba hicho bure, na kikundi cha watu wa kujitolea kikipewa chumba cha bure hakianzi kuuliza habari za ngazi. Kwa hiyo asiyeweza kutembea hukifuata kiti chake huko juu, au hutuma mtu, au hukikosa.

Mwenye stoo, ingawa hakuna aliyewahi kumteua, ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, fundi cherehani, ambaye watu wote humwita Shangazi. Miaka tisa iliyopita alipanda ngazi hizo kuja kushona turubai la kiti kimoja lililochanika, akidhani ni kazi ya asubuhi moja. Alishona, akakunja futi yake, akaambiwa kuna vingine viwili. Tangu siku hiyo hajatoka, ukiondoa kwenda kulala.

Ukutani, mkabala na mlango, kuna ubao wa misumari. Kila mwanakikundi ana msumari wake, na kila kazi ina kibao chake kidogo kilichotobolewa tundu: kushona, magurudumu, simu, ufunguo, kutembelea wagonjwa, barua za manispaa, na nyingine kadhaa. Ukishika kazi, kibao kinaning'inia kwako. Na ipo kanuni moja tu: anayeondoka haachi kibao mezani. Anakitundika kwenye msumari wa mwenzake, na huyo mwenzake awe ametamka mbele ya watu kwamba amekubali.

Kanuni hiyo aliitunga Shangazi mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana mmoja wa simu alipotea bila kuaga, simu ikalia ndani ya droo wiki saba, na mzee mmoja akalala kitandani wiki hizo zote akisubiri magongo yaliyokuwa yameegemezwa pale pale juu ya droo. Shangazi alilia siku hiyo, halafu akakata mbao. Kanuni ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba katika kuitunga hakujifunza kusema hapana.

Nesi alihamishwa kikazi. "Nitundikie kwa muda tu, Shangazi." Fundi baiskeli alipata mtoto wa tatu. Kwa muda tu. Bwana na bibi waliokuwa wakitembelea wagonjwa walihama mji, wakamkumbatia, wakamwachia kibao na chungu cha maua. Wakafika mahali msumari wake ukapinda kwa uzito, na wenzake, kwa upendo kabisa, wakachangishana wakamnunulia msumari wa inchi sita. Walipiga makofi. Na yeye akashukuru, masikini!

Sasa ana vibao vinane, na ana dada.

Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Anaishi peke yake, safari ya siku mbili kwa basi, na macho yake yanapofuka. Daktari amempa miezi mitatu ya kuona, si zaidi. Wiki iliyopita alipiga simu, na Dada si mtu wa kuomba.

"Nimebakiwa na katundu kadogo hapa katikati," alisema. "Kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Njoo ukae nami, kitinda mimba. Nikutie humo kabla hakajaziba."

"Nakuja, Dada. Jumatatu napanda basi. Nakuja moja kwa moja."

Alikata tiketi siku hiyo hiyo. Mkutano wa kikundi ulikuwa Jumamosi saa nane mchana, na alipiga moyo konde kwamba siku hiyo atavigawa vibao vyote vinane.

Waliokuja ni watatu. Mwalimu mstaafu, anayepokea simu siku mbili kwa wiki. Kinyozi, anayefunga duka lake kila Jumamosi aje kupaka grisi magurudumu. Na mzee aliyekuwa mpeleka barua, wanayemwita Posta, ambaye kwa magoti yake zile ngazi ni safari ya nusu saa. Shangazi alikuwa bado anatafuta pa kuanzia pale mlango ulipogongwa, akaingia ofisa wa manispaa, mama mmoja mpole aliyekuwa akihema.

"Nimehesabu vidato vyenu," alisema, akacheka. "Sasa sikilizeni. Barua yenu imekubaliwa."

Ilikuwa barua ya mwaka juzi, ya kuomba chumba kisicho na ngazi. Chumba cha chini, kando ya kituo cha afya, mlango mpana, hata kizingiti hakuna. Kwa miezi sita ya majaribio mratibu awepo kila siku ya kazi, kuanzia Jumatatu. Akikosekana, chumba anapewa mwingine, maana wanaokisubiri ni wengi. Ofisa alitoa karatasi. Mahali pa jina la mratibu palikuwa na jina la Shangazi, kwa kuwa siku ya kuijaza barua ile hakuwepo mtu mwingine chumbani.

Kinyozi alirusha kitambaa chake hewani. Posta alimshika Shangazi mkono akasema kama si yeye kikundi kingekufa zamani, mwanamke wa chuma, nguzo ya nyumba. Shangazi aliyasikia maneno hayo, akaisogeza karatasi kwa ofisa.

"Jina linaweza kubadilishwa?" aliuliza.

"Leo hii, ndiyo," alisema ofisa. "Nikishashuka, hapana."

Basi Shangazi akasema. Alisema yote: Dada, katundu, tiketi. Kisha akasimama, akavitoa vibao vyake vinane, akavipanga juu ya meza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chumba kile.

"Nani atachukua?"

Mwalimu alivua miwani. "Mke wangu hawezi kuinuka bila mimi, Shangazi. Zile siku mbili zenyewe naziiba."

"Mimi nikifunga duka katikati ya wiki, wanangu watakula nini?" alisema Kinyozi, akiangalia chini. "Nipe kibao cha ufunguo. Huo nitaubeba."

Posta alitazama magoti yake.

Laiti wangekuwa wavivu! Angewatolea uvivu, akawarushia vibao vyao, akashuka zake. Lakini alikuwa anawajua. Kila mmoja wao alikuwa ameshatoa alichokuwa nacho, na vibao bado vilikuwa saba mezani.

"Ninaweza kuviacha hapo," alisema taratibu. "Ninaweza, sivyo?"

Hapo wakasikia mtu anapanda ngazi. Alipanda hatua tatu, akatua, akapanda mbili. Walimsikiliza mpaka juu. Aliyeingia alikuwa mwanamume aliyelowa jasho, amembeba mama yake mgongoni kwa shuka, na miguu ya yule bibi ilining'inia kama ya mtoto.

"Samahani," alisema yule mwanamume. "Simu hampokei tangu juzi, nikaona tuje wenyewe."

Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye bega la mwanawe. "Tumefika?" aliuliza.

"Mmefika, mama," alisema Shangazi. "Karibuni."

Alimsaidia kumteremsha. Alichagua kiti chenye turubai alilolishona mwenyewe, akambana bibi mkanda, akapima urefu wa pa kuwekea miguu. Vidole vyake vilifanya kazi bila yeye. Alipomaliza, aliiendea meza, akatia sahihi pale penye jina lake, haraka, asije akasoma. Kisha akaviokota vile vibao saba na kuvirudisha kwenye msumari wa inchi sita kimoja kimoja, na hakuna aliyeona vyema kupiga makofi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, alikaa kwenye kidato cha juu kabisa akapiga simu.

"Kitinda mimba! Umeshafunga mizigo?"

"Dada, tumepata chumba cha chini."

"Aa! Vizuri. Watu hawatapanda tena."

"Hawatapanda. Lakini inabidi niwepo. Miezi sita, Dada. Nilijaribu, wallahi nilijaribu."

Akasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kule, siku mbili kwa basi.

"Nilikuwa nimekuwekea kiti dirishani, penye mwanga," alisema Dada. "Nakirudisha tu mezani, nisije nikajikwaa. Usilie bwana. Njoo siku yoyote utakayopata nafasi. Sauti yako nitaijua."