Koti la Njano la Mwika

Khyati alizaliwa Moshi mjini, akakulia kwenye duka la vitambaa la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni hasa. Kwa hiyo alipopanda Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutafiti jinsi wakulima wanavyotumia dawa za kuua wadudu, hakutegemea shida.

Mwanzoni watu walimjia na nyanya zenye madoa. "Dada wa dawa, hii inatibiwa na nini?" Alipowaambia hauzi dawa, anataka tu kukaa nao aone wanavyofanya kazi, walitazamana. Mtu mzima, akae tu?

Wakamkubalia. Kila shamba alilofika alimkuta mwenyewe amevaa gambuti, barakoa na koti refu la mvua, la njano, anapiga dawa kwa adabu kama yuko altareni. Kwa Remigius, koti. Kwa Hilaria, koti. Kwa Mama Margareta, aliyekuwa mfupi, koti lilikuwa linaburuta chini, na mkono wa kushoto umechanika palepale ulipochanika kwa Remigius.

"Shikamoo mama. Koti zuri. La nani?"

"Marahaba mwanangu. Langu."

Mara kikohozi kikasikika migombani. Ni Remigius, amejibanza, anasubiri kulipeleka koti kwa jirani anayefuata. Margareta akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "La katekista, la kuendeshea pikipiki! Tuliona haya. Umesoma, utatuandika vibaya."

Khyati naye akacheka, ingawa roho ilimuuma: siku zote hizo alikuwa akimtafiti katekista.

"Basi nivikeni mimi," akasema.

Wakamvika, wakambebesha bomba la kupulizia lililojaa maji matupu. Jua lilikuwa kali. Hata mstari mmoja wa nyanya hakuumaliza. Jasho lilimwingia machoni, pumzi ikambana, akalivua koti na kulitupa kwenye majani.

"Ehee!" Remigius akapiga makofi. "Umeona kwa nini hatuvai?"

Jioni Margareta alimkaribisha jikoni. Huku akimenya ndizi, akaanza kusimulia bila kuulizwa: kichwa kinavyomgonga kila akipiga dawa, maziwa anayokunywa akiamini yataosha sumu, na lile tuta dogo nyuma ya nyumba, la nyanya za kula wenyewe, ambalo halipigwi dawa kabisa.

"Usiwaambie wanunuzi," akanong'ona.

Khyati akavuta kigoda karibu na moto, akachukua kisu, wakamenya pamoja.