Nani Aliugusa Uzi wa Nne

Wasiwasi ndiyo akili, watu husema, na kama ni hivyo basi mimi nimejaliwa akili kupita kiasi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda hapa Likasi, Kongo, na katika kazi yetu mtu anayeamini maneno hazeeki. Wenzako wakikuambia umeme umekatwa, unawashukuru vizuri, halafu unatoa kipimo chako na kupima mwenyewe. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini na vidole vyangu kumi vyote bado ninavyo. Ubaya ni kwamba tabia hiyo haibaki kiwandani. Nikifunga kufuli narudi kulivuta mara tatu. Nikinunua samaki wa ziwa Tshangalele ninafunua mashavu yao, hata kama muuzaji ni mama ninayesali naye kanisa moja, na kila Jumamosi ananinunia.

Saa zangu za mapumziko ninatengeneza magitaa ya umeme. Kupiga sijui. Ninajua nyimbo mbili, zote za misa, na zote ninazipiga vibaya. Ninachopenda ni kuchonga, kupima na kusubiri vanishi ikauke. Gitaa langu la kwanza lilijipinda shingo kiangazi kilipoingia. Siku hizi tunalitumia kuanikia mataulo. La pili lilinguruma kama mzinga wa nyuki kwa sababu nilisahau waya mmoja wa kupeleka umeme ardhini, mimi fundi umeme, na kiwandani walinicheka mwaka mzima.

La tatu ndilo lililoniletea haya ninayoyaeleza. Mwili wake niliuchonga kwenye ubao wa mulombwa uliotoka katika mlango wa nyumba ya zamani iliyobomolewa, ubao mwekundu, mzito, uliokwisha kukauka kabla sijazaliwa. Zile mikro, yaani viboksi vyenye sumaku vinavyosikiliza nyuzi, nilizisuka mwenyewe kwa waya mwembamba kama unywele niliouchomoa kwenye mashine iliyoungua. Tulitumia cherehani ya bibi yangu, yaani mke wangu: yeye alizungusha gurudumu, mimi nikahesabu mizunguko, maelfu kwa maelfu. Waya ulipokatika mara ya kwanza nilimwuliza ni nani aliyegonga meza. Tulikuwa wawili tu chumbani. Aliniangalia, akaunga waya, akaendelea kuzungusha.

Vanishi nilipaka tabaka kumi na moja, nyembamba, kila moja nikiisugua kwa karatasi ya msasa na maji. Ilipokauka kabisa niliing'arisha mpaka nikajiona meno. Juu ya shingo niliweka kifupa, kile kipande kidogo cha mfupa wa ng'ombe ambacho nyuzi hulalia kabla ya kufika kwenye vigingi. Mifereji yake sita niliichimba kwa zile sindano ambazo wachomeleaji huzibulia midomo ya shalumo zao za kuchomelea kwa gesi, kila uzi kwa unene wake. Halafu nikatangaza nyumbani kwamba mtu asiliguse. Mikono yenye mafuta ya jikoni huua vanishi, nilisema, na nilisema nikimtazama bibi yangu.

Gitaa nililitundika katika chumba cha nyuma. Ufunguo mmoja nilitembea nao, wa pili ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala.

Siku moja mwezi wa sita, jioni, nililitoa ili nilipime, nikaona uzi wa nne umevunjika mgongo karibu na kigingi. Uzi ukipinda hivyo maana yake umetolewa na kurudishwa. Nilichukua kioo cha kukuzia nikaangalia kifupa. Ndani ya mfereji wa nne, ambao niliuchimba mpana kwa ajili ya uzi mnene, palikuwa na mkwaruzo mwembamba, umenyooka, wa uzi mwembamba kabisa. Nikaelewa papo hapo. Mtu alikuwa anatoa uzi mnene wa nne, anaweka mwembamba kama ule wa kwanza, na kuuvuta mpaka sauti ya juu. Ndiyo mi kompoze, upigaji wa wazee wetu wa zamani, wenye kulia juu juu na kutembea haraka. Akimaliza anarudisha uzi wangu mahali pake, kama mwizi anayefuta nyayo.

Mtu anayepiga hivyo nilimjua mmoja tu. Alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi, mpiga solo wa kwaya ya parokia yetu. Na yeye aliwahi kuniomba gitaa hilo kwa ajili ya sikukuu, nikamkatalia.

Nilimwuliza bibi yangu, "Nani aliingiya mu chumba yangu?"

"Hakuna muntu aliingiya, papa," alijibu, akaendelea kukata sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Sikumwamini. Niliweka mtego. Kwa penseli niliyoichonga mpaka ikawa sindano nilitia alama ndogo kwenye kila kigingi, nyingine kwenye mbao mkabala wake, zikatazamana. Kigingi kikizungushwa na kurudishwa, haiwezekani alama zikakutana tena sawasawa. Jumatatu zilikutana. Jumanne zilikutana. Jumatano alama ya kigingi cha nne ilikuwa imeipita mwenzake kwa upana wa mguu wa sisimizi.

Jumatano nilikuwa kazini tangu asubuhi mpaka jioni, na watoto walikuwa shuleni. Nyumbani alikuwako bibi yangu peke yake. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipobadilika rangi. Sikujiuliza tena nani anapiga gitaa langu. Nilijiuliza mwanamume gani anaingia nyumbani mwangu mchana, anakaa muda wa kubadili uzi, kupiga, na kubadili tena, huku mke wangu akiniambia hakuna mtu.

Majirani hawakusikia kitu. Hilo halikunipa faraja, kwa sababu gitaa la umeme bila mashine yake ya sauti halisikiki hata chumba cha pili. Niliwaza kwamba hata kifaa nimewatengenezea mwenyewe, kile kinachojua kutunza siri. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Jumapili iliyofuata nilipata ushahidi. Baada ya misa nilikuwa nimesimama na wanaume wenzangu, nikamwona rafiki yangu anamfuata bibi yangu nyuma ya ukuta wa kanisa. Akatoa mfukoni kibahasha kidogo, bapa, akampa. Bibi yangu akakitia haraka katika mkoba akavuta zipu. Wakacheka kidogo. Mimi na bibi yangu tulikuwa hatujacheka hivyo tangu mvua za mwisho. Rafiki yangu alipokuja kunisalimu nilirudisha mkono wangu mfukoni, mbele ya watu wote. Alibaki na mkono wake hewani, akaniuliza nina nini. Nilimwambia ajiulize mwenyewe.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilipanga maneno nitakayowaambia wazazi wa bibi yangu, nilipanga watoto watakaa na nani. Alhamisi saa nne asubuhi nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba tumbo linanisumbua. Nilipita barabara ya nyuma, nikavua viatu langoni, nikatembea kwa soksi uani kwangu mwenyewe.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa. Niliweka sikio. Nilisikia sauti nyembamba, kavu, kama mvua inayoanza kwenye bati, na ndani yake wimbo unaokimbia na kurudi. Mpigaji hakukosea hata mara moja. Nikawaza, huyu bwana anajua kweli, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikausukuma mlango kwa bega.

Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Gitaa lilikuwa mapajani mwake, juu ya kitenge alichokunja mara nne ili lisikwaruzwe. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa bado vimebana nyuzi.

Hapo ilinipasa kuishia. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu. Lakini mimi, ninayepima umeme uliokwisha kukatwa, niliangalia nyuma ya mlango. Niliinama nikaangalia chini ya meza. Nilisogeza mbao zilizoegemea ukuta, moja baada ya nyingine, nikimtafuta mwanamume. Yeye alinitazama muda wote huo. Nilipofika ubao wa mwisho ndipo akauliza, polepole.

"Unatafuta nani, papa?"

Nilikuwa nimesimama na soksi zenye vumbi, nimeshika ubao. Alielewa. Niliona jinsi uso wake ulivyoelewa, na mpaka leo natamani nisingeuona uso ule. Alilegeza uzi mwembamba, akauzungusha kidoleni ukawa kiduara, akautia katika kibahasha kile kile cha Jumapili. Akaufunga uzi wangu mnene mahali pake, kwa ustadi kunizidi mimi, akatundika gitaa.

Aliniambia kidogo tu, akiwa mlangoni. Baba yake alipiga mi kompoze. Aliwafundisha watoto wake wa kiume, na yeye, msichana, akajifunza kwa kusimama kizingitini na sufuria mkononi. Baba alipokufa kaka zake waliliuza gitaa bila kumwuliza. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii.

"Kila kintu weye unapimaka," alisema. "Miye nilitaka kintu kimoya yenye hautapima."

Usiku ule alipokuwa amelala niligusa ncha za vidole vyake vya kushoto. Zilikuwa ngumu kama kwato. Mimi ninayeona unywele ulionasa katika vanishi, sikuwa nimeziona.

Jumapili nilimfuata rafiki yangu sakristia, nikamwomba msamaha kwa mkono niliomnyima. Alinisamehe, lakini kwanza aliniacha niseme yote bila kunisaidia hata neno moja. Kisha akaeleza kwamba shemeki, yaani shemeji yake, alikuwa akimwomba nyuzi nyembamba kila alipokwenda Lubumbashi kununua za kwaya, akamwapisha asiniambie. Alisema pia kwamba bibi yangu angepiga solo ya kwaya vizuri kuliko yeye mwenyewe. Nilijaribu kufurahi. Bado kitu kidogo ndani yangu kiliuliza amejuaje, na nikakikemea.

Nyumbani bibi yangu alikuwa mpole, alinipikia, alinijibu kila nilipouliza. Lakini chumba cha nyuma alikipita kama mahali pasipo mlango. Nilichukua mfupa mpya nikachonga kifupa kingine, na mfereji wa nne nikauchimba kwa sindano ndogo kuliko zote. Nilifunga uzi mwembamba. Kule chini, nilisogeza kipande kinachoubeba uzi huo mpaka sauti ikakubaliana kwenye kila chuma, vile vijiti vinavyokatiza shingo. Nililitundika gitaa likiwa tayari kwa mi kompoze, nikamwambia, lipo, ni lako. Alisema asante, kwa sauti ya kumshukuru mtu aliyekupisha njiani.

Aibu yangu nyingine ni hii. Nilitia alama za penseli tena. Safari hii sikuwa ninatega mwizi, nilikuwa ninaomba mtego uninasie kitu. Kila jioni nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kuangalia kigingi cha nne. Mwezi wa nane alama zilikutana. Mwezi wa tisa zilikutana, sawasawa, kama nilivyoziacha. Kiangazi kikaisha, mvua za kwanza zikashuka, vumbi jekundu likawa tope, na alama bado zilitazamana. Nikakata tamaa. Nilijisemea kwamba nimeua kitu, na kwamba hakuna gundi yake.

Jioni moja, mvua ikiwa inapiga bati, niliingia jikoni nikitoka kuangalia alama zangu. Bibi yangu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Papa, tangu mvua ilianza, kamba ya ine inaliaka mubaya pa chuma ya tatu," alisema. "Utengeneze."

Mvua ilikuwa imeanza wiki tatu zilizopita. Ndipo mjinga mimi nikakumbuka kwamba uzi wa nne, ule mwembamba, ulikuwa umekwisha kufungwa, na mimi ndiye niliyeufunga. Hakuwa na haja tena ya kugusa kigingi. Angeweza kupiga kila siku ya Mungu, mchana kutwa, na penseli yangu isione kitu.

Nilitaka kumwuliza ameanza lini hasa, na saa ngapi, na nyimbo gani. Nilimeza yote. Nilikwenda kulichukua gitaa. Kweli, unyevu ulikuwa umevimbisha shingo ikarudi nyuma, nyuzi zikashuka na kugusa vyuma. Nililegeza nati ya ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, robo mzunguko tu. Kipimo changu kilikuwa mfukoni. Nilikiacha humo humo. Nililibeba gitaa mpaka jikoni nikampa.

"Pima weye," nilisema.

Alipangusa mikono kwenye kitenge, upande wa ndani, upande wa nje. Akapiga chuma cha tatu mara moja, mara mbili, ameinamisha sikio.

"Bado kidogo," alisema, akanirudishia.