Kasuku Aliyemkataa Mwenye Nyumba

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Masumbwe alirudi kutoka machimbo ya dhahabu, alikokaa mpaka watoto wake wakaacha kumuulizia. Alipofungua geti, kasuku wa mkewe alitutumua manyoya akapiga kelele: "Nani? Nani?"

"Mwenye nyumba," alijibu jirani, begi likiwa bado begani.

"Nani?"

Kwa bahati mbaya nilikuwa nyuma yake, nimekuja kuazima toroli. Kasuku aliponiona alipiga mluzi, akainamisha kichwa nimkune. Jirani alimtazama kasuku, kisha akanitazama mimi, bila haraka.

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono. "Usimtazame mwenzio hivyo, Baba Kulwa. Huyu ndege anamwona kila siku. Wewe amekusahau."

Ndege hasomi hati ya kiwanja. Anawajua watu anaoishi nao, basi.

Jirani alishusha begi. Kesho yake alivuta stuli karibu na tundu, akawa anampa kasuku karanga moja moja huku akimsimulia habari za machimboni. Aling'atwa kidole, akakifunga kitambaa, akaendelea kusimulia. Wenzake walipompitia warudi kazini, aliwaambia watangulie.

Juzi asubuhi, watoto wakiwa wamemzunguka baba yao, kasuku alimpigia mluzi na kumwinamishia kichwa. Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, alisimama na shati bichi mkononi.

"Karibu nyumbani, Baba Kulwa," alisema.