Ndovu Aliyeuawa kwa Ajili ya Kaka Yangu

Baba yangu hakuwahi kumuua ndovu kwa mkono wake. Alilisema hilo kila alipoulizwa, na alilisema haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua inapoanza. Kazi yake ilikuwa kufuata nyayo. Kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, alikuwa akitangulia mbele ya wageni waliotoka Ulaya na Amerika kuja kuwinda nyikani, akiwaonyesha dume mwenye pembe ndefu alipolala na alipokunywa maji, na upepo unavuma kutoka wapi. Wao ndio waliopiga. Yeye alijibanza nyuma ya mti akingoja mshindo.

Marufuku ilipokuja akarudi kwetu Likoni na goti bovu, akapata kazi ya ubawabu katika shule ya jirani. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani, nakaanga bajia na viazi karai barazani ili tupate riziki. Mkulima wetu alikuwa kaka yangu. Alilichukua shamba la babu kule vilimani, nyuma ya Kwale, pale msitu wa serikali unapokoma na mahindi yanapoanza. Sisi wa Likoni tulikula jasho lake: muhogo, ndizi, kunde, mahindi mabichi ya msimu wa masika. Kila alipokuja mjini gunia lilikuwa begani, na kila gunia lilikuja na malalamiko.

"Wameingia tena," alikuwa akisema, hata kabla hajaketi. "Migomba yote ya upande wa mto wameilaza."

Baba alimuuliza walikuwa wangapi, madume au majike, walitokea upande gani. Kaka alichukizwa na maswali hayo. Alitaka baba aseme pole.

Katikati ya miaka ya themanini, alasiri moja, teksi ilisimama mbele ya nyumba yetu. Akateremka mzungu mzee mwenye fimbo, mashavu mekundu kwa jua la pwani. Alikuwa mmoja wa wageni wa zamani wa baba. Alikuwa amekuja kupumzika katika hoteli za ufuoni kusini kwetu, akamwuliza huyu na yule hadi akafikishwa mlangoni. Baba alipomwona alisimama, wakakumbatiana kama ndugu. Niliona macho ya baba yamelowa. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika mama.

Nikapika chai ya tangawizi na kuwatilia bajia. Kaka alikuwapo siku hiyo. Mgeni akatoa picha mfukoni, akaiweka mkekani. Ndovu amelala kwa ubavu, mkubwa kama kibanda. Mgeni, wakati huo kijana, amesimama na bunduki. Baba amechutama nyuma, mkono umeshika pembe, anatabasamu.

"Pembe hizi ziko nyumbani kwangu," mgeni alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Ukutani. Kila siku naziona, nakukumbuka wewe."

Halafu akaanza kulalamika. Alisema marufuku ile ilikuwa kosa. Zamani wao walilipa ada kubwa, na ada hiyo ililinda pori. Waliua wachache, madume wazee, na kwa kuwa walikuwako porini kila siku majangili hawakuthubutu kusogea. Sasa wawindaji wa halali wamefukuzwa, na majangili wanaua kwa bunduki za kivita, majike na watoto, hawabagui. Kaka akamwuliza na hawa wanaokula mashamba yetu je. Mgeni akasema pori dogo likiwa na ndovu wengi, lazima wapunguzwe, hata kama roho inauma.

Kaka aligeuka kumtazama baba. "Umesikia? Rafiki yako mwenyewe anasema."

Baba alikuwa anaitazama picha. "Nimesikia," akajibu.

Mgeni alipoondoka aliiacha ile picha. Kaka alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, lakini ilikuwa furaha yenye uchungu. "Ajabu," alisema. "Mzungu ndovu hajamgusa hata ua la bustanini, akaruhusiwa kumuua apate pambo. Mimi wamekula chakula cha wanangu, nikimtupia mshale nafungwa. Hiyo ni haki gani, baba?"

"Si haki," baba alisema.

"Sasa mbona huungi mkono?"

"Kwa sababu hata ile ya kwanza haikuwa haki."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba baba alikuwa amebeba kitu tangu siku zake za porini. Baadaye, nikimkanda goti kwa mafuta ya nazi, alinieleza. Wageni wale walijisifu kwamba wanachagua. Hawapigi jike, hawapigi kijana. Wanamchagua mzee ambaye amekwisha kuzaa. "Nami niliamini, mwanangu. Nilikuwa nawachagulia. Lakini yule mzee ndiye aliyejua maji yako wapi mwaka wa ukame. Tulipomwondoa, vijana waliomfuata walikuwa wanazunguka tu kama mayatima. Niliwaona. Mwaka wa pili nikawaona tena, wamekonda. Sikusema, maana nani angenisikiliza, na nyinyi mlikuwa mnataka kula."

Miaka ikapita. Kule vilimani watu waliongezeka, mashamba yakausogelea msitu kutoka kila upande, na ndovu waliosalia wakazidi kusongamana mle ndani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hapakuwa na msimu uliopita bila kilio. Wakulima wakaamua kuwaita askari wa wanyamapori kwenye baraza la chifu, waombe ndovu wachache wapigwe risasi ili wengine waogope. Kaka akaja Likoni kumchukua baba.

"Shikamoo, baba."

"Marhaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kukuomba jambo moja. Askari wale wanakujua wewe ni mtu wa porini. Ukisimama ukasema ndovu wamezidi, watakubali. Njoo useme maneno mawili tu."

Baba alilinyoosha goti lake bovu. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Siwezi," akasema. "Siwezi kusimama mbele za watu nikaomba ndovu auawe. Nimewaombea kifo kwa miguu yangu hii ujana wangu wote. Imetosha."

"Wanangu watakula nini? Dhamiri yako?"

"Wape mtama. Wape kunde. Lete watoto hapa, tutabanana."

"Mimi sitaki kubanana Likoni! Nataka kulima shamba la babu yangu!" Sauti yake ilikuwa imepanda hadi majirani wakachungulia. Halafu akaishusha, na hiyo ya chini ndiyo iliyoumiza zaidi. "Uliwapa wageni, mimi mwanao unaninyima."

Nilimfuata hadi barabarani na sahani ya viazi. Hakuichukua. Alinishika bega, akasema, "Mwangalie mzee," akaenda zake. Baraza lilifanyika bila baba. Askari waliahidi kuja kufukuza ndovu kwa milio ya risasi za hewani. Hawakuua.

Habari ilitufikia wiki chache baadaye. Jirani yake wa shamba alikuja na gari la kwanza la asubuhi, akasimama barazani petu, kofia mkononi, akashindwa kutamka. Kaka alikuwa ametoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kuangalia mahindi. Ukungu ulikuwa umetanda. Huenda hakuwaona ndovu hadi wakamfikia. Mkewe, wifi yangu, alisikia kelele moja tu.

Tulipanda vilimani, tukamzika siku hiyohiyo, kabla ya alasiri. Sanda ilifungwa na watu wazima tupu, hawakuruhusu wanawe waone. Baba aliingia kaburini kumpokea mwanawe, na goti lile, na alipotolewa ilibidi ashikwe kwapani na watu wawili.

Tukiwa bado na udongo miguuni, vijana wa pale walikwenda kuziba barabara kwa magogo. Walisema hawaondoki mpaka damu ilipwe kwa damu. Asubuhi iliyofuata askari wa wanyamapori walikuja na bunduki kubwa, mkuu wao akatupa mkono wa tanzia, akasema amepewa ruhusa ya kumuua ndovu mkorofi. Ndivyo alivyomwita. Baba alikuwa ameketi jamvini na wanaume wenzake. Akasimama, akatafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi, baba?" nikamuuliza.

"Kufanya lile aliloniomba."

Walimkatalia, akakataa kukataliwa. Nilimwona akitangulia mbele ya askari, anachechemea, kichwa ameinamisha chini kwenye nyasi, hadi migomba ikamficha.

Sisi wanawake tulibaki chumbani kwa mjane, tukisoma Kurani na kulia. Saa za mchana tukasikia mshindo, kisha mwingine, kisha mingi pamoja. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha akapiga kigelegele. Wifi yangu akainua uso wake uliovimba.

"Nyamaza," akamwambia. "Hapa ni msibani."

Watu wa pande zile wanaokula nyama ya ndovu walikwenda na mapanga, makarai na magunia. Walitupita wakikimbia, wengine wakicheka, na sikuwalaumu. Njaa ilikuwa ya wote. Baba alirudi peke yake kutoka upande wa mto. Kikoi chake kilikuwa na matope hadi kiunoni. Hakwenda kwa wanaume. Alikuja kwenye kizingiti cha chumba cha mjane, akaketi chini, mgongo kwetu.

Wifi akasogea akaketi nyuma yake. "Baba," akasema, "ndiye yeye?"

"Sijui, mwanangu."

"Hukumjua kwa nyayo?"

"Jana watu wote walipita pale kumwangalia marehemu. Nyayo zilikwisha kufutika. Nilizozipata ni za kundi zima. Tukawakuta kinamasini. Askari alipiga aliyekuwa karibu."

Sasa alikuwa anaongea nami zaidi kuliko na wifi. "Ni jike. Alikuwa na maziwa. Yalikuwa yanamtoka, yanachanganyika na damu. Mtoto wake alikuwa amesimama pale, hakimbii. Wakapiga risasi hewani ndipo akaingia majini kuwafuata wengine. Siku za wale wageni hatukupiga jike hata mara moja."

Wifi akauweka mkono wake mgongoni mwa baba, juu ya shati lililolowa jasho. "Basi wamekufa wawili," alisema, "na mimi bado sina mume."

Pembe za yule jike zilichukuliwa na askari, maana ni mali ya serikali. Fidia ilitajwa siku ya hitima, ikatajwa tena mara kadhaa, kisha haikutajwa.

Tulimchukua wifi na watoto tukaja nao Likoni. Tulibanana kama baba alivyosema. Yeye mwenyewe aliendelea na ubawabu wake kwa muda, lakini alikuwa amebadilika. Kila aliyefika kutoka vilimani alimwuliza kwanza habari za yule mtoto wa ndovu. Alionekana? Yuko na kundi? Watu walidhani akili imeanza kumruka. Wengine, kwa huruma, walimwambia wamemwona, amenawiri, na baba aliitikia kwa kichwa bila kuamini. Ile picha ya mgeni niliikuta jikoni siku moja, kwenye majivu, upande mmoja umesalia. Sikumwuliza.

Alipougua mara ya mwisho tulimvusha kwa feri kumpeleka hospitali upande wa kisiwani. Alilala kwa wiki moja na ushei. Hakutaja porini hata kidogo. Alimtaja kaka tu, akimwambia aketi kwanza, ale, ndipo waseme. Nilikuwa nakaa pembeni namjibu kwa niaba ya marehemu: naam baba, nimeketi, naam baba, nakula. Akatulia. Akafariki Ijumaa, Mungu amrehemu.

Baada ya eda na baada ya matanga ya baba, baada ya watoto wakubwa kupata pa kujishikiza, wifi alirudi vilimani. Nilimsihi asiende. Akanijibu kwa upole, "Wifi yangu, mimi Likoni nitalima wapi?" Serikali ilikuwa imeanza kujenga ua wa umeme kando ya msitu. Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini tukasikia kwamba ndovu kadhaa wamechomwa sindano ya usingizi, wakapakiwa kwenye malori na kuhamishiwa mbali kwenye nyika kubwa. Wapo waliosema heri hivyo kuliko risasi. Wapo waliosema ndovu hurudi.

Nilikwenda kumtembelea msimu mmoja wa mavuno. Ua ulikuwa umeangushwa sehemu moja, na nusu ya mahindi ilikuwa imelala. Wifi alikuwa akiokota mahindi yaliyosalia, akipangusa matope kwa kanga yake. Nikaingia kumsaidia. Tulipokwisha kujaza kikapu nilimwuliza lile ambalo sikuthubutu kumwuliza miaka yote: kama angetaka wauawe.

"Asubuhi kama hii nataka wafe wote, asibaki hata mmoja," akasema. "Halafu jioni nachota maji, nawaona ng'ambo ya mto, mama anamsukuma mtoto wake kwa mguu apande ukingo. Hapo sitaki. Askari wakija kuniuliza huwa sijui niwajibu kwa asubuhi au kwa jioni."

Akajitwika kikapu. Tulipanda naye polepole hadi nyumbani, tukawasha moto, tukachoma yale mahindi yaliyokuwa hayajaharibika.